Hongera, Shinyanga

Shinyanga si jiji, lakini kwa misimu kadhaa ilipokea vigogo wa soka bila kubabaika. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui, ya mgodi wa almasi, ikafuata mwaka 2015. Simba na Yanga wakalazimika kuja Uwanja wa CCM Kambarage, na Septemba 2016 Yanga ikaondoka na kipigo cha 1-0 kutoka kwa Stand. Mechi kama hizo ziliwatoa mashabiki hadi Nyahanga kule Kahama, na mama ntilie, bodaboda na wenye nyumba za wageni wakavuna. Stand ilishuka mwaka 2019. Heshima haikushuka nayo. Pongezi kwa Stand, Chama la Wana, na kwa wenyeji wao wote.