Volti Zilizopotea Njiani

Fundi alifika Dakawa saa tatu asubuhi kwa bodaboda, mkoba wa turubai mapajani. Akaamkiwa, akaitikia, akaomba kigoda kabla hajaomba spana. Alikiweka ubavuni mwa trekta, upande wa stata, akaketi kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Lilikuwa Massey Ferguson 290, siku ya nne liko pembeni mwa mfereji, rotaveta nyuma, na maji ya mto Wami yameshaingia kwenye majaruba yaliyokuwa yakilisubiri.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "hakikisha liko frii. Piga mara moja tu, halafu uache."

Trekta likaguna. Ng'oo, ng'oo. Injini ikazunguka nusu, ikakwama. Mama mwenye trekta akavuta pumzi aanze kueleza, fundi akamwinulia kiganja kwa adabu. Bado alikuwa anasikiliza.

Kwa fundi umeme wa magari, hapo ndipo kazi inapoanzia. Ufunguo ukigeuzwa kukawa kimya kabisa, stata haijapata amri: tafuta fyuzi, swichi ya ufunguo, au swichi ya usalama, maana matrekta haya hayapigi stata mpaka wenzo wa giya ya juu na ya chini ukae katikati. Madereva wengi wameita fundi wa mbali kwa kosa la wenzo uliosogea kidogo, na mafundi wengi wamelipwa kwa kuurudisha kimyakimya. Ikisikika tak moja nzito kisha kimya, amri imefika na solenoidi imevuta, lakini shaba zake za ndani zimeungua, au kaboni za stata zimekwisha. Ikipiga tak-tak-tak kama cherehani, umeme upo ila hautoshi: solenoidi inavuta, stata inadai mzigo wake, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ikivuma wiii huku injini imetulia, bendeksi haijashika meno ya flaiwili.

Inayozunguka kivivu, kama hii ya Dakawa, ndiyo inayosumbua. Hakuna kilichokufa. Kila kitu kinafanya kazi, kidogokidogo.

Na dizeli haivumilii uvivu. Haina plagi za cheche. Inategemea hewa ibanwe haraka mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe. Pistoni ikipanda polepole, hewa inavuja kando ya ringi, joto linaishia kwenye kuta za silinda, na mafuta yanapulizwa mahali pasipo moto wa kuyapokea. Hivyo stata inayozungusha nusu haina tofauti na isiyozungusha kabisa, isipokuwa inamaliza betri.

Mama aliporuhusiwa kusema, alisema yote. Fundi wa kwanza alilaumu betri, ikanunuliwa mpya. Trekta likaguna vilevile. Wa pili alifungua stata, akailaza chini, akaiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka vizuri sana. Akairudisha, trekta likaguna. Akapitisha testa kwenye nyaya zote, taa ikawaka kila mahali. Akasema labda injini imebana, akaondoka.

Ukiitazama kazi ya wenzake hao, haikuwa ya kipuuzi. Betri ilikuwa nzima, stata nzima, waya una moto. Ila taa ya testa inakula umeme usiofika nusu ampea, na stata ya injini kama hii inadai mamia. Waya unaopitisha nusu ampea bila shida unaweza kushindwa kabisa kupitisha mia mbili, kama mlango unaompitisha mtoto ukamkwamisha aliyebeba kabati. Na stata iliyojaribiwa chini ilikuwa imepewa njia nyingine ya umeme, njia fupi na safi, tofauti na ile ya trekta. Jaribio lile lilisema kweli, ila halikuulizwa kuhusu njia.

Basi fundi akapima njia. Alitoa mita yake, ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni na kufungwa kwa solotepu. Betri ikiwa imetulia: volti 12.6, imejaa. Akamwomba dereva apige stata kwa sekunde tatu, mita ikiwa kwenye vichwa vya betri: 11.6. Betri nzuri. Akahamisha ncha, moja kwenye bolti kubwa ya stata, nyingine kwenye ganda lake. "Piga." 7.7.

Volti karibu nne zilikuwa zimeondoka betrini na hazikufika.

Hapa ndipo mimi, niliyekuwa nikitazama pembeni, nilipompenda yule fundi mzee. Mwingine angebadilisha nyaya zote. Yeye aliweka ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata, akapima upande wa moto peke yake: 0.3. Safi. Akageukia upande ambao watu huusahau, ule wa bodi, maana umeme ukishafika kwenye stata lazima urudi betrini, na unarudi kupitia chuma cha trekta. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Trekta likiwa kimya mita ilisoma sifuri. "Piga."

3.6.

Hakuifurahia namba ile kwa sauti. Aliweka mita chini, akafuata waya mnene wa hasi kwa vidole mpaka ulipofungwa, akakigusa kichwa cha bolti kwa ncha ya kidole na kukiondoa upesi. Akanishika mkono, akanipeleka nami nikaguse. Kilikuwa cha moto. Kwa ampea 200, volti 3.6 ni zaidi ya wati 700, karibu na pasi ndogo ya umeme ya nyumbani, zote zikichemkia kwenye bolti moja. Nguvu ya kugeuza injini ilikuwa inaishia hapo.

"Mama, hili trekta lilipigwa rangi lini?"

Mwezi uliopita. Rangi nyekundu, nzuri kweli. Mpiga rangi alikuwa amefungua waya wa bodi afanye kazi kwa unadhifu, akapuliza, akaurudisha waya juu ya rangi mbichi. Umeme ulibaki ukipenya kwenye nyuzi za bolti tu, na kutu ilipoanza, hata hapo pakabana.

Kabla ya kufungua, fundi alitenganisha hasi ya betri, halafu akamgeukia dereva, aliyekuwa amesimama mbele ya gurudumu kubwa na bisibisi mkononi. Kijana alikuwa amezoea kugusisha bisibisi kwenye bolti za stata trekta linapogoma. Sauti ya mzee ikabadilika kwa mara ya kwanza: ukifanya hivyo unairuka swichi ya usalama, trekta likiwa kwenye giya litawaka na kukupitia juu hapohapo uliposimama. Akaichukua bisibisi, akaitia kwenye mkoba wake. Sikuona akiirudisha.

Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi. Akakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa duara la ukubwa wa sarafu, akapiga msasa jicho la waya pande zote mbili, akakaza, kisha akapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Akarudisha hasi ya betri, akaweka ncha za mita palepale. Dereva alipogeuza ufunguo, mita ilisoma 0.1, na injini haikufika mzunguko wa pili. Moshi mweusi, kisha mngurumo wenyewe.

Fundi aliirudisha mita betrini, akaiacha mpaka ilipopanda 13.9, akaridhika kwamba alteneta inachaji, akaanza kukunja nyaya zake. Mama alikuwa ameshatoa pochi.

"Na ile betri ya zamani, mama, ipo?"

"Niliwauzia wa vyuma chakavu, baba. Si waliniambia imekufa?"

Fundi aliendelea kufuta vidole vyake kwa tambara, kimoja kimoja.