Baba Alikimbia

Filamu ya Force Majeure (2014), ya mwongozaji Mswidi Ruben Östlund, inaanza kwa picha ya familia. Mpiga picha amewakuta Tomas, mkewe Ebba na watoto wao, Vera na Harry, kwenye mteremko wa theluji katika milima ya Alps, Ufaransa. Anawapanga: sogeeni, wekeni vichwa karibu, tabasamuni. Wanatii. Baba anayemezwa na kazi amepata siku tano za kuwa na watoto wake, na lazima zionekane.

Siku ya pili wanakula chakula cha mchana nje ya mgahawa. Mlimani unasikika mlipuko. Huko theluji huporomoshwa kwa makusudi ili isijilimbikize ikaleta maafa. Watu wanatoa simu, Tomas naye anarekodi. Theluji inazidi kuja. Mtoto anapiga kelele kumwita baba. Weupe unapofunika meza, Tomas ananyakua simu na glavu zake, anakimbia. Ebba anabaki amewakumbatia watoto. Kumbe yaliyowafikia ni vumbi la theluji tu. Tomas anarudi, anakaa, wanaendelea kula.

Wengi walioijadili filamu hii wameisoma kama kesi ya uanaume: je, baba anayekimbia bado ni baba? Mimi naona haiumi hapo. Kukimbia kulichukua sekunde chache, na mwili ulioogopa hauombi ruhusa. Kinachouma ni kauli ya Tomas usiku ule, mezani, mbele ya wageni: yeye hakumbuki hivyo. Tangu hapo Ebba anahangaika kutafuta mashahidi. Anakirudia kisa kwa marafiki, sauti ikitetemeka, hadi anaomba video itazamwe. Ile simu iliyookolewa watoto wakaachwa ndiyo inayomuumbua mwenyewe.

Theluji mimi naijua ya kwenye friji tu, lakini Tomas namfahamu. Nilipokuwa na miaka saba tulikwenda likizo kwa bibi, nyuki wakatuvamia shambani. Baba alikimbia. Mama alitufunika kwa khanga. Baadaye baba alisimulia kwamba alikwenda kutafuta moto wa kuwafukuzia nyuki, na kila Krismasi moto huo uliongezeka. Tulicheka naye. Leo nikitaka kukiandika kisa hicho, sijui kama ninachokiona kichwani ni moshi au ni maneno ya baba.

Ndiyo maana nawatazama zaidi Vera na Harry. Baada ya tukio wanawafukuza wazazi chumbani mwao. Harry anaogopa wataachana. Baba anapoangua kilio sakafuni, watoto ndio wanaomlalia na kumwita mama aje. Wanabeba kila kitu, ila hakuna anayewauliza waliona nini. Östlund naye hawaulizi, na hiyo ni kasoro: ana subira ndefu ya kuwachunguza watu wazima wakijitetea mezani, lakini watoto anawaachia nyuso tu.

Siku ya mwisho, kwenye ukungu mzito, Ebba anapotea. Tomas anamfuata, kisha anatokea amembeba mikononi, watoto wakishuhudia. Akishawekwa chini, Ebba anainuka na kwenda kuchukua skii zake bila shida yoyote. Je, walipanga? Filamu haisemi. Mimi nadhani Ebba amewapa watoto kisa kipya cha kufunika kile cha kwanza. Ni huruma, lakini pia ni kuwanyang'anya kitu walichokiona kwa macho yao. Mama yangu naye hajawahi kuusahihisha moto wa baba.

Mwishoni wageni wameshuka kwenye basi barabara ya milimani, wanatembea. Tomas anapewa sigara. Mwanawe anamuuliza kama huwa anavuta, naye anajibu kwamba ndiyo, anavuta. Wapo wanaoona jibu hilo ni dogo mno kumaliza filamu nzito hivi. Kwangu ndipo filamu ilipostahili kuishia: mtoto ameuliza, na kwa mara ya kwanza baba hajajipamba.

Desemba hii tunakutana tena kwa bibi. Nitamuuliza baba kuhusu nyuki, mama akiwepo.