Ngumi, Chenga na Kona za Sekenke: Picha la Zamani kwa Akili Mnemba

Kijana wa Ulemo, mkoani Singida, akiiandikia programu ya akili mnemba kwamba anataka "mapigano ya picha la zamani, mkanda wa VHS, Afrika", mara nyingi ataletewa savana yenye mgunga mmoja, jua jekundu linalozama, na tarehe pembeni mwa kioo kama ile ya mikanda ya harusi. Picha la stelingi la vibanda vya video halikuwa hivyo hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba mashine itengeneze vipande safi na vifupi tu. Mpangilio wa mapigo na uzee wa picha ubaki mikononi mwa mhariri.

Mfano wa kujifunzia tunao kwa jirani zetu Uganda. Mwaka 2010 Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo bajeti yake inatajwa kuwa haikufika dola 200 za Marekani. Kompyuta aliziunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, bunduki zikatengenezwa kwa vyuma chakavu, na damu ilikuwa rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu. Helikopta inayoushambulia mji haikuwepo. Ni umbo la kompyuta lililobandikwa juu ya picha halisi ya Kampala. Ubandia wake unaonekana wazi, lakini nyumba, vumbi na watu wanaokimbia ni wa kweli, na jicho linakubali kwenda nao. Nabwana alilijenga tukio tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka alijua limetoka wapi. Anayetumia akili mnemba anahitaji nidhamu hiyo hiyo.

Chukua ngumi, maana hapo ndipo programu nyingi zinapoanguka. Zimejifunza kutokana na video nyingi mno jinsi vitu vinavyoonekana vikitembea, lakini hazijui mfupa wala uzito. Watu wawili wakikabana, mashine inapoteza hesabu ya mkono upi ni wa nani. Ngumi inapenya shavuni kama moshi, kiwiko kinachomoza begani, na klipu ikirefuka sura ya stelingi inaanza kuwa ya mtu mwingine. Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta: watengenezaji wa filamu, ambao hawakutaka waigizaji wao waumizane, waliiweka kamera pembe inayoficha nafasi kati ya ngumi na uso, wakakata, na sauti ikamalizia kazi.

Basi ligawe pigo mara tatu. Shoti ya kwanza ni bega na ngumi inayoijia kamera, bila mtu wa pili. Ya pili ni uso wa adui peke yake, ukigeuka ghafla. Ya tatu, mwili unaangukia magunia ya alizeti na vumbi linapanda. Kila shoti iombwe kivyake, kisha ipunguzwe ibaki chini ya sekunde moja. Hakuna fremu hata moja ambamo watu hao wawili wamegusana, lakini mtazamaji ataapa ameona kidevu kikipigwa. Veo 3 ya Google, iliyotangazwa Mei 2025, ilikuja na klipu za sekunde 8 zenye sauti. Kwa mapigano, sekunde hizo ni nyingi. Chagua sehemu nzuri, nyingine tupa. Mtindo wa Hong Kong wa kuiacha kamera mbali na kuonyesha mapigo mfululizo bila kukata bado unazishinda programu hizi. Ule wa Marekani wa miaka ya 1980, wa Commando (1985), unaokata harakaharaka, unawezekana zaidi.

Mahali nako usiiachie mashine ichague. Nenda Misigiri, barabara ya kwenda Kiomboi inapochepuka kutoka ile kuu ya Singida kwenda Nzega, au teremka hadi kona za Mlima Sekenke ambako malori ya Rwanda na Kongo yanapanda kwa kujikongoja. Piga picha ya mnato kwa simu, bila kuchukua sura ya mtu ambaye hujamwomba ruhusa, kisha uipe programu iwe fremu ya kwanza. Omba mwendo mmoja tu kwa kila klipu: lori linapinda kona, basi. Kule kuivuta picha karibu kwa ghafla, alama kubwa ya mapicha ya miaka ya 1970, kufanye mwenyewe wakati wa kuhariri.

Uzee uje mwisho, na uje kwa vipimo. Mkanda wa VHS ulibeba takriban mistari 240 ya undani wa picha kwa mlalo, na rangi ilikuwa hafifu zaidi ya hapo, ndiyo sababu shati jekundu lilivuja nje ya mipaka yake. Kila mkanda uliponakiliwa kutoka mkanda mwingine, chenga ziliongezeka. Deki zetu zilifuata mfumo wa PAL wa fremu 25 kwa sekunde, wakati filamu zilipigwa kwa fremu 24. Kwa kawaida zilikimbizwa kidogo ili zitoshe, na picha la dakika 90 likaisha kwenye dakika ya 86 hivi. Kwa hiyo harakisha kazi yako kwa asilimia 4, punguza ukali, sogeza rangi kidogo pembeni, weka mstari wa mikwaruzo chini kabisa ya kioo. Ukiiomba mashine ikufanyie haya tangu mwanzo, chenga zitabadilika kutoka shoti hadi shoti na udanganyifu utajulikana mara moja.

Kisha sauti. Picha la kibandani lilikuwa na mtafsiri: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya. Captain Alex yenyewe imebaki duniani ikiwa na sauti ya msimuliaji VJ Emmie juu yake, kwa sababu Nabwana aliifuta nakala asili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine. Sauti hiyo usiinunue kwenye programu. Mtafute anayejua kutafsiri picha, mketishe mbele ya kazi yako, na mlipe.