Mahujaji Wetu Wako Wapi?

Kitabu cha John Slight, “The British Empire and the Hajj: 1865–1956” (Harvard University Press, 2015), kinastahili kusomwa. Kinaanzia kwenye kipindupindu kilichozuka Makka mwaka 1865 kikafika hadi Ulaya, na kutoka hapo Waingereza wakaanza kuiangalia hija kwa jicho la hofu. Slight amefanya vyema kutuonyesha kuwa kazi yao ilibebwa na Waislamu wenyewe, kama Dkt. Abdur Razzack, tabibu wa Kihindi aliyekuwa naibu wa balozi Jeddah, akauawa huko mwaka 1895.

Kasoro ni kuwa ameifuata hija kupitia majalada ya serikali. Jalada humtaja haji anapougua, anapofilisika au anaposhukiwa; aliyekwenda akarudi salama hana habari. Ndiyo maana Zanzibar haikupata sura yake, ingawa mtawala wa Oman na Zanzibar, Seyyid Said bin Sultan, alihiji mwaka 1824, miaka 41 kabla ya maradhi hayo.

Historia yetu imo masandukuni, hapa Al Amerat na kwengineko: pasi, barua, wasia ulioandikwa kabla ya safari. Mengi yalipotea mwaka 1964. Yaliyovuka bahari pamoja nasi tuyaandikie majina na miaka, kabla wanaoyakumbuka hawajatutoka.