Fani ya Kifuniko

Wahakiki wetu wana ugonjwa mmoja. Wakikutana na gari la kopo, hukimbilia maudhui: "ubunifu wa mtoto maskini". Basi, uhakiki umekwisha! Fani haijaguswa hata kwa ncha ya kidole.

Tuitazame Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco. Msaada ukafuata, na ndani yake mafuta ya kula ya makopo. Mafuta huliwa, bati hubaki. Katika kambi nyingi za Afrika bati la namna hiyo limegeuka gari, na herufi za USA zimebaki ubavuni. Mtu mzima akizisoma anaona vita, njaa na siasa za wakubwa. Hajakosea. Lakini mtoto anauliza jambo jingine: linakwenda?

Hapo ndipo fani inapoanza. Kifuniko cha gurudumu kinataka tundu katikati hasa. Likikosea kidogo tu, gari linachechemea. Vifuniko vinne visipolingana, linakwenda upogo. Waya ukibana, gurudumu linaburuzwa badala ya kuviringika. Wenzake hawamwonei haya: "Lako bovu, bwana!" Huo ni uhakiki, tena wenye vigezo.

Kizibo cha soda nacho kina kanuni zake. Mmarekani William Painter alipata hataza yake mwaka 1892, na cha siku hizi kina meno 21. Kiponde kwa jiwe, kitoboe matundu mawili, pitisha uzi, vuta na kulegeza: kinavuma kama nyuki. Kwenye drafti, mmoja anaweka vyake chali, mwenziwe kifudifudi. Na kwenye mchezo wa kubinua, meno yale ndiyo yanayokiinua kizibo kisigande chini. Ukikifanya bapa kabisa, umekiua.

Sasa linganisha na Hawaii. Mwaka 1991 mwalimu Blossom Galbiso aliwafundisha wanafunzi wake mchezo wa zamani wa kubinua vifuniko vya chupa za maziwa. Miaka michache baadaye dunia ya matajiri ilishikwa na wazimu wa pogs: visahani vya kadibodi vyenye picha, vikiuzwa madukani, ambavyo havikuwahi kufunika chupa yoyote. Kabla ya mwaka 2000 homa ilikuwa imeshuka. Sishangai. Kitu kikija kimekamilika, mtoto anabaki kuchagua picha tu. Kifuniko cha ndoo kilichookotwa Biharamulo kinamdai apime, atoboe, akosee, arudie.

La hasha, sipambi umaskini. Bati hukata vidole, na hakuna mtoto ambaye angekataa baiskeli. Ninachokataa ni huruma inayojifanya uhakiki. Huruma humpa kila gari sifa ileile, lililonyooka na lililopinda, na kwa hiyo humnyima fundi mdogo heshima ya kuambiwa kazi yake ni nzuri kweli.

Ndugu waandishi chipukizi, tumejaza hadithi zetu watoto wa kambini wanaokokota makopo ili msomaji alie. Mwacheni alie akitaka. Lakini kwanza mwambieni kama gari linakwenda.