Mguu Usioiamini Taa

Magari mengi yanayofika Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, yameshaishi maisha ya kwanza kwingine. Yaliundwa Japani, yakaendeshwa huko miaka kadhaa, yakapakiwa melini, yakashushwa Dar es Salaam, yakavuka mpaka Tunduma na Nakonde, mwishowe yakateremka kutoka Mansa kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi ukingoni mwa Ziwa Mweru. Njiani humo kuna mtu aliyebadilisha ekseli, mwingine akagonga beringi kwa nyundo, mwingine akakata waya usiomhusu. Corolla iliyopita mikono yote hiyo ikifika Nchelenge bado inawaka, inavuta, na redio yake inaimba. Asichokijua mwenyewe, na hawezi kukijua kwa kuizunguka akipiga tairi mateke, ni kama breki zake za ABS zingali na akili.

Akili yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu linavyozunguka. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu moja likataka kugoma kuzunguka, kompyuta inalilegezea presha, inalirudishia, inalilegezea tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi liendelee kushika barabara na usukani uendelee kusikilizwa. Mfumo wa kudhibiti mwelekeo unaongeza sensa ya usukani na nyingine inayohisi gari linavyojizungusha. Mkono ukielekea huku na gari likaelekea kule, mfumo unapiga breki gurudumu moja peke yake na kulirudisha gari kwenye mstari. Kazi ngumu ni kujua kama haya yote yatatokea siku yatakapohitajika, kwa sababu siku nyingine zote mfumo umekaa kimya, ulio mzima ukifanana na ulio mbovu.

Ninayemsifu hapa ni aina ya fundi. Yupo Kashikishi kando ya Nchelenge, yupo Tunduma, yupo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na ana ndugu zake wa kazi huko Ujerumani na Sweden waliovaa makoti mazito. Utamtambua kwa jambo moja: hakimbilii kuchomeka mashine.

Huanza kabla injini haijawashwa. Hukaa kitini, hufungua swichi bila kupiga stata, mikono yake ikitulia magotini, macho kwenye dashibodi. Taa zote huwaka: ya betri, ya oili, ya injini, ya handibreki, ya ABS, na kama gari lina udhibiti wa mwelekeo, ile yenye picha ya gari linaloserereka. Baada ya kama sekunde tatu, taa ya ABS inatakiwa kuzimika yenyewe, injini ikiwa bado imelala. Ya betri na ya oili zitabaki hadi injini iungurume.

Hapo ndipo udanganyifu unapojianika. Yuko muuzaji ambaye, badala ya kutengeneza mfumo, huitoa balbu ya ABS kabisa. Yuko mjanja zaidi anayeiunganisha na waya wa taa ya oili au ya betri, ili iwake pamoja nayo na kuzimika pamoja nayo. Mnunuzi anawasha gari kwa mpigo mmoja, anaona taa zote zimezimika, anatoa pesa. Fundi aliyesubiri sekunde zile tatu anaiona taa ikikawia, kisha injini inapowaka anaiona ikiondoka sambamba na jirani yake. Hana mita wala kompyuta, na tayari ameshajua mawili: mfumo una ubovu, na kuna mtu aliyejua akaamua kuuficha. Kwangu mimi taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka mchana kutwa. Hii ya pili angalau inasema kweli.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, hatua inayofuata inahitaji kipande cha waya tu. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Fundi huunganisha tundu la 4 na la 13, hufungua swichi, na taa ya ABS huanza kukonyeza. Mfumo ukiwa mzima, hukonyeza harakaharaka bila kupumzika. Ukiwa na ubovu, hukonyeza kwa tarakimu: mara tatu, kimya, mara moja, nayo ni 31, sensa ya mbele kulia. Thelathini na mbili ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kati ya namba na namba kuna kimya kirefu kidogo, na zikiwa nyingi zinafuatana kisha zinarudi mwanzo. Fundi huhesabu kwa midomo. Ukimsalimia wakati huo hatakuitikia, wala usidhani ni kiburi. Akishamaliza matengenezo huuacha waya ule ule mahali pake, na kukanyaga pedali ya breki mara nane ndani ya sekunde tano ili kumbukumbu ifutike. Asiyejua akipita atadhani mtu amepandwa na mashetani.

Namba 31 inasema gurudumu gani, haisemi kwa nini. Fundi mwanagenzi husoma 31 na kumtuma mteja dukani akanunue sensa. Huyu wetu hupiga jeki.

Anachomoa soketi ya sensa na kuipima kwa mita. Zile za zamani, zenye koili na sumaku, mara nyingi husoma omu elfu moja na zaidi kidogo. Lakini hategemei namba ya kukariri, anapima pia ya upande wa pili na kulinganisha. Kisha anageuza mita kwenye volti za AC na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Volti ndogo inapanda kadiri anavyozungusha haraka, inashuka anapoachia. Sensa za kisasa zinataka umeme ndipo zifanye kazi, na kuzipima omu hakumwambii kitu, kwa hiyo lazima ajue ameshika ya aina gani kabla ya kugusa. Akiona usomaji mzuri hafurahi bado. Anaacha mita imeunganishwa na kuukunja waya pale unapopinda usukani ukikatwa, maana shaba hukatika ndani huku mpira wa nje ukiwa mzima. Waya wa namna hiyo hupita kila kipimo gari likiwa limesimama, na kufeli kwenye kona.

Halafu anatazama meno. Kwenye Corolla nyingi, sensa ya mbele husoma pete ya meno iliyobanwa kwenye ekseli, mara nyingi meno 48. Ekseli ikiharibika, sokoni kuna za mitumba zinazoingia vizuri kabisa lakini hazina pete, au zina pete ya hesabu nyingine. Gurudumu lenye meno mengi kuliko wenzake linajitangaza kuwa linakimbia kuwapita. Kompyuta inaamini, na inawalegezea breki wasio na kosa. Fundi hupaka chaki jino moja, anazungusha polepole, anahesabu hadi chaki irudi. Ni kazi ya dakika chache na haina heshima yoyote machoni pa watu.

Ipo dalili moja ambayo huitambua kwa maneno tu. Mteja anasema pedali inamtetemekea anapokaribia kusimama, hata kwenye lami kavu, mwendo wa mtu anayetembea. Hiyo mara nyingi ni nafasi kati ya sensa na meno. Inatakiwa iwe kama milimita moja, lakini kutu imeota chini ya sensa na kuiinua. Mwendo ukiwa mkubwa ishara bado inafika. Mwendo ukipungua, ya gurudumu hilo inapotea kabla ya nyingine, kompyuta inadhani limegoma kuzunguka, inalilegezea breki katika mita za mwisho kabisa, pale ambapo kuna mtoto au ukuta wa duka. Anaitoa sensa, anakwangua kutu, anafuta unga wa chuma uliong'ang'ania ncha ya sumaku, anairudisha. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Yote hayo ni kujiandaa. Jaribio lenyewe ni barabarani, na hapa fundi mzuri anakuwa mwoga kwa makusudi. Huchagua kipande kilichonyooka, hutazama nyuma, huondoa jeki na spana zisije zikaruka, huanza na kilomita 30 kwa saa. Anakanyaga mara moja kwa nguvu zote na haachii. Madereva waliojifunzia malori ya zamani wamezoea kupigapiga pedali, na kwa ABS huko ni kuivuruga. Mguu wake unapokea mtetemo kama mvuvi wa Mweru anayeshika kamba na kujua kilichonasa kabla hajakivuta: mpigo wa haraka na sawa ni uzima, mpigo mmoja mzito kisha kimya ni vali au pampu isiyofanya kazi. Kisha anashuka na kusoma lami. Akikuta mstari mmoja mweusi usiokatika, gurudumu hilo lilifunga, hata kama taa haikusema neno.

Mashine ya roli ya kituo cha ukaguzi haiwezi kumfanyia kazi hii. Roli huzungusha magurudumu kwa mwendo mdogo mno, kiasi cha kilomita tano kwa saa au chini yake, na hapo ABS nyingi hazijaamka. Inapima nguvu ya breki na tofauti ya kushoto na kulia, basi.

Wale walioubuni mfumo walikumbana na swali lile lile la namna ya kuujaribu, kwa bajeti kubwa zaidi. Bosch ilianza kuuza ABS ya kielektroniki mwaka 1978 kwenye Mercedes S-Class, na tangu miaka ya 1970 wahandisi wa magari wamekuwa wakienda Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, kuendesha juu ya maziwa yaliyoganda. Ziwa Mweru halitawapa fursa hiyo. Barafu inapendwa kwa sababu inapunguza kasi ya makosa: kinachotokea kwenye lami kwa kilomita 120 hutokea kwenye barafu kwa 40, taratibu, na mtu ana muda wa kukihisi. Wanazo hata barabara zenye barafu upande mmoja na lami inayopashwa joto upande mwingine. Breki zikikamata, upande wa lami unavuta na upande wa barafu unateleza, na gari linataka kugeuka. Kwenye barabara za mkoa wa Luapula unaipata hali hiyo bure, magurudumu ya kushoto yakishuka kwenye mchanga wa pembeni.

Huko huko Sweden, mwaka 1997 mwandishi wa Kiswidi Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld alilipeleka Mercedes A-Class jipya kwenye zoezi la kumkwepa mnyama aliyejitokeza barabarani: kata kushoto, rudi kulia. Gari likapinduka. Mercedes ilisimamisha mauzo na kuliwekea kila A-Class mfumo wa kudhibiti mwelekeo, uliokuwa umeanza tu mwaka 1995 kwenye magari ya kifahari.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, liko kwenye kanuni ya Marekani ya mwaka 2007. Gari hupelekwa kilomita 80 kwa saa, mguu unatolewa, kisha mashine ndiyo inayokata usukani, maana hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurudia tendo lile lile sawasawa. Usukani unakwenda upande mmoja, unarudi upande wa pili, unagandishwa hapo nusu sekunde, unanyooshwa. Kila mzunguko unakatwa zaidi, hadi nyuzi 270 au kupita. Sekunde moja baada ya usukani kunyooka, kujizungusha kwa gari kusizidi asilimia 35 ya kilele chake; baada ya sekunde 1.75 kusizidi asilimia 20. Lakini mtu aliyeandika kanuni hii alikuwa na jicho la fundi wa Kashikishi. Alijiambia: mtengenezaji akiunda gari linalokataa kabisa kukata kona, halitajizungusha, na litafaulu. Akaongeza sharti: sekunde 1.07 tangu usukani uanze kukatwa, gari dogo liwe limesogea pembeni angalau mita 1.83. Yaani lidhibitike, na bado limkwepe huyo mnyama. Ni uangalifu ule ule wa mtu anayesubiri sekunde tatu dashibodini.

Kuna mahali majaribio yote haya yanamwacha mtu wa Nchelenge pabaya kidogo. Kwenye changarawe, tairi lililofunga hujirundikia mawe mbele yake na kusimama mapema. ABS, kwa kulizungusha, hulinyima kilima hicho, na gari husafiri zaidi. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo waziwazi: kwenye vumbi utabaki na usukani, lakini ongeza nafasi mbele yako.

Gari lenye udhibiti wa mwelekeo lina kazi moja zaidi, na ndiyo inayojaribu subira ya watazamaji. Sensa ya kujizungusha ikibadilishwa lazima ifundishwe sifuri yake. Gari liwekwe mahali tambarare, usukani unyooke, asiingie mtu, asiegemee mtu, mlango usifungwe kwa kishindo. Vijana wa gereji wanaambiwa wakae kando. Ikifundishwa sifuri kwenye mteremko, itauamini mteremko kila siku, na itapiga breki gurudumu lisilo na hatia kwenye kona nyepesi kabisa.

Mwisho wa yote hayo huja ugomvi wa malipo. Mteja anataka kuona kipuri kilichotoka, na fundi hana cha kumwonyesha zaidi ya kutu kwenye kitambaa. "Fundi, mbona hujabadilisha kitu?" Hajibu. Humkabidhi ufunguo, humwambia aende hadi pale mchanga unapoanza, afike thelathini, na akanyage mwenyewe. Wengi wakirudi hulipa. Wengine huomba punguzo, na wanapewa, ila si kubwa.