Ska, Malipenga na Kisu cha Santuri

Wako wasikilizaji wasemao kuwa sahani ya ska huchangamsha, na sahani ya ngoma za asili huchosha kwa kurudia-rudia. Hukumu hiyo husikika hata katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, Talatala na Kyela nzima, yaani miongoni mwa wenye ngoma wenyewe. Yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Muziki huu wa namna mbili una undugu usiotajwa. Ska ilizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950. Don Drummond, bingwa wa tromboni, na Tommy McCook wa saksafoni, walilelewa katika shule ya Alpha, Kingston, iliyoongozwa na watawa wa Kikatoliki, ambako vijana maskini walifunzwa ala za bendi kwa nidhamu kali. Malipenga nayo ni mtoto wa bendi. Vita vilivyofika Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mwaka 1914, vilieneza kando ya ziwa gwaride na tarumbeta za askari. Vijana wasio na shaba walitwaa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake mpaka sauti ikavuma kama shaba. Wakajipanga safu, wakajipa vyeo, na ngoma kubwa ikashika hatua zao. Huko na huku, wanyonge walikitwaa chombo cha mtawala wakakifanya chao.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika kipimo cha wakati. Ska ilitungwa kwa ajili ya sahani. Asikilizaye Ska Authentic ya The Skatalites, iliyotolewa na Studio One mwaka 1964, husikia sauti kuu ikitangulia, kisha mpulizaji mmoja mmoja akitoka mbele, kisha wote wakirejea penye mwanzo. Ndani ya dakika tatu hivi neno limekwisha kusemwa, na hakuna kilichopungua. Huo ni ustadi halisi, wala si haki kuubeza kwa kuwa ni wa studio.

Malipenga haikutungwa hivyo, wala ing'oma ya Wanyakyusa. Ngoma hizi ni za uwanja na za alasiri nzima. Marudio yake ni njia ya kupandia: safu hupata umoja polepole, kiongozi hubadili hatua pale tu wenzake walipokwisha kuiva, na mtazamaji hushindwa kutulia. Ukikata dakika tatu katikati ya safari hiyo, utabaki na mwendo usio na mwanzo wala kikomo. Kinachochosha hapo ni kisu, si ngoma.

Hugh Tracey, aliyerekodi Tanganyika na Nyasaland mwaka 1950 na kuanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, astahili shukrani. Bila kazi yake sauti nyingi zingalipotea. Lakini alianza katika zama za sahani za mizunguko 78, zisizobeba zaidi ya dakika chache. Na sahani kubwa ilipokuja, yenye nafasi ya dakika 20 kila upande, mazoea ya vipande vifupi hayakuachwa. Tena vipande hivyo vilipangwa kwa kabila na lugha. Mpenzi wa ska hubishana juu ya pumzi ya Drummond. Msikilizaji wa sahani za ngoma huishia kusema kuwa Watonga huimba hivi na Wanyakyusa hivi, kana kwamba wimbo hujitunga wenyewe. Mtunzi yupo, ila hakuulizwa habari za sanaa yake.

Madhara yake si madogo. Kijana ajifunzaye ngoma ya babu yake kwa vipande huamini kuwa babu hakuwa na fikira ndefu. Dawa yake si kuitia ngoma magitaa ili iifuate ska. Irekodiwe nzima, tangu safu inapojipanga hadi inapotawanyika. Mtunzi na kiongozi watajwe. Maneno yachapwe kwa Kinyakyusa pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Hapo ndipo sahani mbili zitakapoweza kuwekwa mezani pamoja na kuhukumiwa kwa haki. Hata ikitokea ska ikashinda siku hiyo, itakuwa imeshindana na ngoma yenyewe.